Kutu haikuanzia ufuoni, ilianzia kwa begi

Leo hakuna video. Leo ni maandishi, tena marefu kidogo, kwa sababu nina deni na deni lenyewe haliwezi kulipwa kwa sekunde sitini.

Mwaka jana niliweka video nikikimbiza gari langu la rimoti kwenye ufuo wa Nyali wakati maji yametoka. Wengi wenu mlinijua kupitia ile video. Gari linaruka matuta ya mchanga, linakata maji ya ukingoni, jua linashuka, muziki mzuri, kila kitu. Mwishoni nikasema kwa kujiamini kabisa: ukitoka baharini suuza gari na maji, piga WD-40 kila mahali, weka kwa begi, nenda kalale. Watu wakapenda. Mimi mwenyewe nikajipenda.

Miezi michache baadaye nikapata ujumbe wa kijana wa kidato cha pili kutoka Kilifi. Hakuja na matusi. Alikuja na picha nne. Ya kwanza, beringi zimeshikana. Ameniambia ukizungusha gurudumu kwa mkono linalia kama mlango wa godauni. Ya pili na ya tatu, vile vijiti vya chuma vinavyopeleka nguvu ya mota hadi kwenye magurudumu vimekuwa rangi ya tofali. Ya nne ndiyo iliniuma: skrubu imekwama ndani ya kipande cha alumini, na pembeni yake kumejaa unga mweupe kama dawa ya meno iliyokauka. Chini ameandika sentensi moja tu. "Kaka, nilifanya vile ulisema."

Hilo gari alilinunua kwa mtu, likiwa limeshatumika, kwa pesa alizoweka karibu mwaka mzima akimsaidia mamake kuuza viazi karai. Langu likiharibika napata kontenti. Lake likiharibika, basi.

Wazo langu la kwanza, nakubali, lilikuwa la kujitetea. Labda hakusuuza vizuri. Labda alinunua gari bovu. Na si boksi limeandikwa kwamba gari haliingii maji? Nikaanza kusoma ili nipate mahali pa kumtupia mtu mwingine lawama. Nikasoma wiki tatu. Badala ya kupata wa kulaumu, nikakuta makosa yangu yote yameshafanywa na watu wenye akili kuniliko, wengine zaidi ya miaka 250 iliyopita, na majibu waliyapata, na sisi tukayasahau.

Nianze na ile skrubu ya unga mweupe, kwa sababu hadithi yake ni ya ajabu.

Katikati ya karne ya 18, jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa linasumbuliwa na mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Kwenye maji ya joto ya Karibi alikuwa anakula tumbo la meli mpaka linabaki kama sega la nyuki. Mwaka wa 1761 wakaamua kujaribu kitu kipya: wakaichukua manowari yao moja, HMS Alarm, wakaifunika sehemu yote ya chini kwa mabamba membamba ya shaba, kisha wakaituma huko huko kwenye mdudu. Meli iliporudi wakaikagua mwaka wa 1763. Mdudu alikuwa ameshindwa. Mbao ziko salama, hata mwani ulikuwa kidogo. Sherehe, sivyo?

Sivyo. Mafundi walipoanza kubandua shaba waliona kitu cha kutisha. Misumari na vyuma vilivyogusana na ile shaba vilikuwa vimeliwa vibaya. Kwingine mabamba yalikuwa yameachia kwa sababu kilichoyashikilia kimeisha. Lakini, na hapa ndipo nilipoweka simu chini nikatembea kidogo nje, si misumari yote iliyooza. Iko iliyokuwa mizima. Walipoangalia kwa nini, wakakuta kipande cha karatasi ya kahawia kimenasa kati ya msumari na shaba. Ile karatasi ya kufungia tu, ambayo shaba ilikuja nayo na mtu akasahau kuitoa. Uvivu wa mfanyakazi mmoja ndio uliookoa misumari.

Wakaandika kwenye ripoti kwamba chuma kisiachwe kigusane moja kwa moja na shaba ndani ya maji ya bahari. Na kumbuka huo ni mwaka wa 1763. Galvani hajachapisha mambo yake ya vyura na umeme, hiyo ni 1791. Volta hajatengeneza betri yake, hiyo ni 1800. Hakuna mtu duniani aliyeweza kueleza kwa nini karatasi inashinda kutu. Walijua tu kwamba inashinda.

Sasa tunajua. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati kukiwa na maji ya chumvi, umetengeneza betri bila kukusudia. Metali moja inajitoa, nyingine inalindwa. Shaba na chuma zikikutana, anayekufa ni chuma. Chuma na alumini zikikutana, anayekufa ni alumini. Ule unga mweupe kwenye picha ya kijana wa Kilifi ni mabaki ya alumini iliyojitoa kwa ajili ya skrubu. Mbaya zaidi, unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyotoka, kwa hivyo unajaa kwenye meno ya skrubu na kuibana. Ndiyo maana ukiizungusha kichwa kinaliwa lakini yenyewe haitoki.

Na nani aliyewaambia watu waweke vipande vya alumini? Mimi. Video nyingine, ya miezi miwili kabla ya ile. Nilisema plastiki ni ya watoto.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nikaenda Mji wa Kale kumwona mzee mmoja ninayemfahamu, ambaye maisha yake yote amekarabati majahazi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza kisa cha meli ya Waingereza na karatasi kwa mbwembwe zote, nikidhani namletea habari mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na sisi wadhani msumari twautia mtupu?"

Akanionyesha. Unatoboa tundu kwanza. Msumari kabla haujaingia, chini ya kichwa chake unazungushiwa pamba iliyolowa mafuta. Ukishagongwa, ile pamba inabanwa kati ya chuma na mbao, inaziba njia ya maji. Mbao zenyewe zinapakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ambayo ukishayanusa siku moja hutayasahau. Sehemu ya chini inayokaa majini inapakwa mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Na chombo kinapandishwa pwani mara kwa mara, kinasuguliwa, kinapakwa upya. Hakuna kupaka mara moja na kwenda kulala.

Nikamwambia nilichowafundisha watu kwenye video. Mzee hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. "Yaani wapaka mafuta juu ya chumvi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la pili, na nitalirudia. Lakini kabla sijaondoka mzee alinikumbusha kitu ambacho tumekisoma shuleni na kukipita: mtepe. Kwa ambao hawaujui, mtepe ni chombo kilichokuwa kikiundwa hasa visiwa vya Lamu, tanga lake la mkeka, na mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilishonwa. Kamba ya nazi inapita kwenye matundu, vigingi vya mti vinashikilia. Vyombo vya kushonwa kwenye pwani hii vimetajwa hata kwenye kile kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, na mji wa Rhapta inasemekana ulipata jina lake kutokana na hivyo vyombo. Mitepe ya mwisho ilipotea mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa, sitaki kuwauzia hadithi tamu. Kuna watu mtandaoni wanasema eti mababu walishona kwa sababu walijua kemia ya kutu. Chuma kilikuwa ghali, na chombo cha kushonwa kinanyumbuka kikigonga mwamba au kikipandishwa mchangani, hizo ni sababu tosha. Lakini matokeo yake ni yale yale: hakuna chuma, hakuna kutu. Kamba ikioza unashona tena. Nilikaa nikafikiria gari langu, nililolitolea plastiki na kulijaza vyuma vya kununua, halafu nikalipeleka baharini.

Na hii inanipeleka kwenye historia ya haya magari yenyewe, ambayo watu wengi wa rika langu hatuijui. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti la umeme mwaka wa 1976, Porsche 934. Hilo lilikuwa gari la lami, la uwanja mkavu. Mwaka wa 1979 wakatoa mawili yaliyobadilisha mchezo, Rough Rider na Sand Scorcher. Hilo la pili lina umbo la Volkswagen ya jangwani, na jina lenyewe linakwambia lilitengenezewa mchanga. Wahandisi walijua mchanga na maji vitaingia, kwa hivyo mitambo ya redio wakaifungia ndani ya kisanduku cha plastiki kisichopitisha maji. Wazo zuri sana. Lakini mikono inayoshikilia magurudumu ilikuwa ya metali ya kumimina, na hiyo ilikaa nje, ikipigwa na kila kitu.

Unaona wapi ile lebo ya boksi ilikozaliwa? Toka wakati huo, gari "lisiloingia maji" maana yake ni kwamba umeme wake hautakufa. Hakuna aliyekuahidi chochote kuhusu chuma. Mimi niliisoma lebo hiyo miaka mitatu nikidhani inahusu gari zima. Wauzaji nao hawana haraka ya kukueleza tofauti.

Kufikia 1984 zikaja Grasshopper na Hornet, fremu nzima ya plastiki. Zilikuwa rahisi, zikauzwa sana, watoto wengi wakaanzia hapo. Kwa mambo ya kutu, huo ndio ulikuwa mtepe wa magari ya rimoti: toa chuma, umetoa shida. Tena vifurushi vingi vya Tamiya vilikuja na vibushi vya plastiki mahali pa beringi. Halafu sisi wapenzi wa mchezo tukasema hapana, hii inatupunguzia kasi, tukatoa vibushi tukaweka beringi za chuma. Tukatoa mikono ya plastiki tukaweka ya alumini, ya bluu na nyekundu, inang'aa kwa picha. Tuseme ukweli. Kutu kwenye huu mchezo, nyingi tumeirudisha wenyewe kwa pesa zetu.

Kwa mtu wa Nairobi anayecheza kwenye uwanja wa vumbi, sawa, weka alumini yako. Kwa mtu wa Pwani anayeingia mchangani, maoni yangu leo ni kwamba plastiki ngumu ni bora, na siombi msamaha kwa hilo. Ninaomba msamaha kwa nilichosema mwanzo.

Turudi kwa mzee na mafuta juu ya chumvi.

Wengi wenu mmeingia Fort Jesus, hata kama ni kwa safari ya shule mkiwa mnatafuta wapi pa kununua barafu. Ndani ya makumbusho kuna vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno, Santo António de Tanná. Ilizama mwaka wa 1697 hapo hapo mbele ya ngome, wakati Waomani wameizingira, na ilikuwa imekuja kuokoa waliokuwa ndani. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimbua chini ya maji. Nilikuwa nimeviona vile vitu mara nyingi bila kuuliza swali la maana: chuma kilichokaa baharini karibu miaka 280 kinatolewaje kikiwa bado kina umbo?

Jibu lilinishangaza. Chuma kilichozama kikafunikwa na mchanga na magamba huoza polepole, kwa sababu hewa ya oksijeni ni kidogo. Hatari kubwa ni siku kinapotolewa. Chumvi imeshaingia ndani kabisa ya chuma, na kikikutana na hewa kikauka, kutu inakimbia kwa kasi ambayo haikuwahi kuwa nayo chini ya bahari. Kinapasuka, kinabanduka tabaka kwa tabaka. Kwa hivyo wataalamu wa kuhifadhi hawakiachi kikauke. Wanakiweka kwenye maji, wanabadilisha maji, wanatumia dawa na umeme kuivuta chumvi itoke, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi au miaka. Kupaka kitu cha kuzuia hewa ndiyo hatua ya mwisho. Ukipaka mapema, umefunga chumvi ndani pamoja na chuma chako.

Soma hiyo sentensi tena halafu ukumbuke video yangu.

Kutu ya gari haianzi vile gari linakata mawimbi na nyinyi mnashangilia. Inaanza usiku, ndani ya begi lililofungwa zipu, chumvi imebaki kwenye beringi na juu yake kuna mafuta mepesi. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Inakaa tu. Tena chumvi ya bahari si ile ya mezani peke yake, ina magnesiamu kloraidi ndani, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 hivi. Ya mezani yenyewe huanza kulowa ikifika kama asilimia 75. Mombasa asubuhi tunapita hapo bila jasho, au tuseme kwa jasho. Kila jikoni la Pwani wanajua, ndiyo maana watu hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Maana yake ni kwamba gari lenye chumvi hapa kwetu halikauki kamwe, hata ukiliona limekauka.

Na WD-40? Sisemi ni kitu kibaya, msinielewe vibaya. Historia yake ni nzuri. Mwaka wa 1953 kikampuni kidogo cha San Diego, Rocket Chemical Company, kilikuwa kinatafuta dawa ya kuzuia kutu kwa ajili ya mambo ya anga. Walifaulu kwenye jaribio la 40, na jina likabaki hilo: WD ni kifupi cha kusukuma maji yatoke, na 40 ni hesabu ya jaribio. Kampuni ya Convair ikaitumia kulinda ngozi ya kombora la Atlas, ambayo ilikuwa ni bati jembamba sana la chuma kisichoshika kutu. Ebu fikiria, hata hicho kilipakwa. Mwaka wa 1958 ikaanza kuuzwa kwa makopo ya kupuliza, na leo iko kila duka la vifaa kuanzia Kongowea hadi Kirinyaga Road.

Lakini kazi yake iko kwenye jina. Inafukuza maji, inaacha utando mwembamba. Haiondoi chumvi. Na ndani yake kuna kiyeyushi kinacholegeza grisi, kwa hivyo ukiipuliza kwenye beringi halafu ukaishia hapo, umeosha grisi ya kiwandani na hujarudisha kitu. Beringi inabaki uchi. Hilo lilikuwa kosa la tatu, na ndilo lililoua beringi za kijana.

Nilimpigia simu hatimaye. Nilikuwa nimeahirisha sana. Nikamuuliza kwa upole kama alisuuza gari kabla ya kupuliza, na akasema ndio, kila mara, dakika kumi nzima, vile nilisema. Nikashangaa. Nikamuuliza maji ya wapi.

"Ya kisima. Yale ya hapa nyumbani."

Jameni. Mimi nimezaliwa Mombasa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo maji ya kuoga ni ya kisima, sabuni haitoi povu, na maji matamu ya kunywa yananunuliwa kwa mtungi kutoka kwa mtu wa mkokoteni. Najua tofauti hiyo tangu sijajua kusoma. Lakini kwenye video nilisema "maji" tu, kama mtu anayeishi mahali ambapo maji ni ya aina moja. Nilikuwa nimeyatoa hayo maneno kwenye video za watu wa ng'ambo na kuyarudia kama yalivyo. Kijana alikuwa anaosha chumvi kwa chumvi, kwa bidii, kwa utiifu, kila Jumapili.

Kuna mambo mengine mawili nitayapitia haraka. La kwanza ni zinki. Mwaka wa 1824 Humphry Davy aliwaambia wanamaji wale wale wa Uingereza kwamba ukifunga kipande kidogo cha zinki au chuma kwenye shaba, hicho kipande kitaliwa badala ya shaba. Alikuwa sahihi kabisa, na bado akaaibika, kwa sababu shaba ilipoacha kuliwa iliacha pia kutoa sumu yake, na viumbe wa baharini na mwani wakajazana kwenye meli hadi zikapunguza mwendo. Mwaka uliofuata vipande vikaanza kutolewa. Leo wazo lake liko kwenye meli za chuma za dunia nzima. Mwaka wa 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa, na hapo ndipo mabati yetu yalipotoka. Kwa gari lako maana yake ni hii: skrubu nyeusi zinazokuja na magari mengi zina rangi tu ya juu, bila mafuta haziwezi kitu, lakini zilizopakwa zinki zinajitahidi hata zikikwaruzwa kidogo.

La pili ni kile chuma kisichoshika kutu. Harry Brearley wa Sheffield alikimimina tarehe 13 Agosti 1913, kikiwa na kromiamu ya asilimia 12.8, akitafuta dawa ya mitutu ya bunduki inayolika. Jina limewadanganya wengi. Beringi nzuri zinazouzwa kwa jina hilo mara nyingi ni za aina ya 440C, zina kromiamu ya asilimia 16 hadi 18, lakini pia zina kaboni nyingi ili ziwe ngumu, na kwenye chumvi zinashika madoa. Ni bora mara nyingi kuliko beringi za kawaida, ambazo kromiamu yake ni kama asilimia 1.5. Lakini bado zinataka mafuta. Na skrubu za hicho chuma, zikiingia kwenye alumini, zinarudisha kisa cha HMS Alarm mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hivyo nifanyeje sasa, mtaniuliza. Mimi siku hizi nabeba lita tano za maji matamu kwenye mkebe, nasuuza gari pale pale ufuoni kabla halijakauka, na nyumbani nasuuza tena. Nalipuliza upepo, napiga WD-40 kidogo kufukuza maji, naliacha nje usiku kucha magurudumu yametolewa. Asubuhi beringi zinatoka, zinapata tone la mafuta ya cherehani, na vile vijiti napangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Kila skrubu inayoingia kwenye alumini ina grisi kwenye meno yake. Hiyo ndiyo karatasi yangu ya kahawia. Inachukua kama saa moja. Ndiyo, inachosha. Begi halifungwi zipu tena.

Kijana wa Kilifi nimemtumia beringi mpya kwa basi, seti nzima, na mikono ya plastiki ya kurudisha mahali pa ile ya alumini. Amefanikiwa kubadilisha kila kitu isipokuwa upande mmoja wa mbele, ambapo ile skrubu ya picha ya nne bado imegoma. Amejaribu mafuta, amejaribu maji moto, amejaribu kupasha kwa pasi. Jumamosi napanda matatu kwenda huko na kidrili. Ile video sijaifuta, iko pale pale, ila nimebandika maandishi juu yake kwamba ukifika dakika ya tatu, zima sauti.